Simu ya mwalimu na siri za darasa: hatua za kufuata

Orodha ya matokeo ya darasa zima ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa 3 usiku, kabla ya kulala imeshafika kwa shangazi, kwa majirani na kwa watoto wenyewe. Hakuna aliyeiba neno la siri. Aliyetuma ni mwalimu, kwa nia njema, kutoka kwenye simu yake. Taarifa nyingi za wanafunzi huvuja kwa njia hii, kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo: kila kinachotoka darasani kupitia simu au kishikwambi cha mwalimu.

Sura ya mtoto, alama zake, ugonjwa wake na deni la ada la mzazi wake si mali ya shule. Shule imekabidhiwa tu. Sheria nazo zinasema hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data za mtoto, na matumizi yenyewe yawe kwa maslahi ya mtoto huyo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Anza na laini ya shule

Shule inunue laini moja kwa kila darasa au kila ngazi, isajiliwe kwa jina la shule, na ikae kwenye simu ya shule au kishikwambi. Mwalimu anayetumia namba yake binafsi akihama, mazungumzo yote na wazazi, picha na alama vinaondoka naye, na shule haina njia ya kuvirudisha wala kuvifuta. Pia hana pa kupumzikia, maana mzazi atampigia Jumapili usiku kuuliza soksi zilizopotea.

Kama hakuna fedha ya simu ya pili, simu nyingi za Android za laini mbili zinaruhusu WhatsApp mbili, moja kwa kila laini. Si suluhisho kamili, lakini walau namba ya kazi inabaki shuleni mwalimu akihama.

Fomu ya ridhaa

Kosa la kawaida ni kuficha ridhaa ndani ya fomu ya kujiunga na shule: mstari mmoja chini kabisa usemao mzazi amekubali picha zote zitumike. Mzazi anayetaka mtoto wake apokelewe hana namna ya kukataa mstari ule, na ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa. Itengeni iwe karatasi ya peke yake, na kila matumizi yawe na jibu lake. Nakala hii inatosha nusu ukurasa:

*Mimi, mzazi/mlezi wa ____________ wa darasa la ____, kwa mwaka wa masomo ______:*
*1. Picha za mwanangu zibandikwe ndani ya darasa: Ndiyo / Hapana*
*2. Zitumwe kwenye kundi la wazazi wa darasa lake: Ndiyo / Hapana*
*3. Ziwekwe kwenye kurasa za shule mtandaoni: Ndiyo / Hapana*
*4. Zitumike kwenye mabango na vipeperushi vya kutangaza shule: Ndiyo / Hapana*
*Naweza kubadili jibu langu wakati wowote kwa kumwambia mwalimu wa darasa. Nikijibu Hapana, mwanangu hatanyimwa chochote.*
*Sahihi na tarehe ____________*

Nafasi iliyoachwa wazi ihesabiwe Hapana. Fomu isiyorudi nayo ni Hapana. Mzazi asiyesoma asomewe yote manne, asiambiwe tu mahali pa kuweka dole gumba. Mtoto naye aulizwe. Wa miaka kumi anajua vizuri kama hataki sura yake ionekane, na akisema hataki, Ndiyo ya mzazi isitumike kumshinda.

Majina ya waliosema Hapana yaandikwe kwenye karatasi ndogo na kubandikwa ndani ya jalada la daftari la mahudhurio. Yasibandikwe ukutani.

Kupiga picha

Kabla ya kupiga, fungua mipangilio ya kamera na uzime kuhifadhi mahali. Ikiwa imewashwa, kila picha inabeba ndani yake ramani ya pale ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hiyo picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili, ili isipoteze ubora, taarifa inabaki mle mle. Walimu wengi hutuma kama faili kwa sababu hiyo hiyo ya ubora.

Kisha piga kazi badala ya sura: mikono inayoshona, daftari lililo wazi, kundi la watoto kutoka nyuma wakitazama jaribio la sayansi. Mzazi anapenda kuona sura ya mwanawe, ni kweli, lakini picha ya sura ya mtoto mmoja inaweza kutumwa kwa mzazi huyo peke yake.

Ukishapiga, kuza picha na uikague pembezoni. Yanayosahaulika ni jina kwenye jalada la daftari, ubao wenye alama za jaribio nyuma ya mtoto, nembo ya shule kwenye sweta na karatasi ya zamu yenye majina. Ukihitaji kufunika kitu, tumia umbo la rangi nzito kabisa, kisha piga picha ya skrini na utume hiyo. Kalamu ya kuwekea alama kwenye simu huwa inapitisha mwanga kidogo, na mtu akiongeza mwangaza wa picha, jina ulilodhani umelifuta linasomeka. Ukungu mwepesi juu ya uso nao hautoshi, kwa sababu wanaomjua mtoto watamtambua kwa umbo na nguo.

Katika safari za kimasomo, weka picha baada ya kurudi. Picha iliyowekwa mtandaoni saa 5 asubuhi kutoka kwenye hifadhi inamweleza kila mtu watoto walipo kwa wakati huo.

Usimtoe mtoto kwenye mstari mbele ya wenzake kwa kuwa mzazi wake alikataa picha. Piga picha ya kwanza na wote, kwa kumbukumbu ya darasani, ikiwa mzazi aliikubali hiyo. Kisha wape watoto wanne au watano kazi ya kukusanya viti, waliokatazwa wakiwamo na wengine wasiokatazwa, upige ya pili. Hakuna atakayejua nani alikatazwa.

Kundi la wazazi

Hapa pana mambo mengi, na mengi yanarekebishika kwa dakika kumi.

Kwanza, amua kama unahitaji kundi kweli. Katika kundi la kawaida la WhatsApp, kila mwanachama anaona namba ya mwenzake. Mzazi aliyekimbia mume mkatili na kubadilisha namba anaweza kupatikana tena kupitia kundi la darasa la tatu. Kama lengo ni matangazo tu, kuna njia mbili bora. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua hadi watu 256, kila mmoja anapokea kama ujumbe wake binafsi na haoni wengine. Sharti lake ni kwamba mzazi awe amehifadhi namba ya shule kwenye simu yake, vinginevyo ujumbe haumfikii, na mwalimu asiyejua hilo atadhani mzazi anapuuza. Njia ya pili ni jumuiya ya WhatsApp, ambayo sehemu yake ya matangazo inaficha namba za wazazi wasionekane na wazazi wenzao.

Kundi likihitajika, fanya hivi kabla ya kumwingiza mtu wa kwanza:

1. Weka wasimamizi wawili, mwalimu wa darasa na mwalimu wa taaluma. Msimamizi mmoja akiugua au simu ikizima, hakuna wa kufuta ujumbe uliokosewa.
2. Kwenye ruhusa za kundi, weka wasimamizi pekee kuwa ndio wanaotuma ujumbe na kubadili jina na picha ya kundi.
3. Washa idhini ya wanachama wapya, ili anayebofya kiungo asubiri kukubaliwa. Kiungo kikishatumika, kiweke upya ili cha zamani kisifanye kazi.
4. Linganisha kila namba na daftari la shule. Namba isiyo na mtoto darasani iondolewe. Ifanye kazi hii kila mwanzo wa muhula, kwa sababu namba huuzwa upya na mzazi wa jana anaweza kuwa mtu mwingine leo.
5. Tuma kanuni tatu tu na uzibandike juu: hakuna jina la mtoto, hakuna picha ya mtoto wa mwenzako, na jambo la mtoto mmoja linapelekwa kwa mwalimu peke yake.

Ujumbe utumwe kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni.

Kuna wazazi wasio na simu janja, na wengine bando lao limekwisha tangu wiki iliyopita. Kazi ya nyumbani isitolewe WhatsApp peke yake. Iandikwe ubaoni na inakiliwe kwenye daftari. Simu iwe ya kukumbusha tu. Tangazo la lazima, kama kubadilika kwa siku ya mtihani, liende pia kwa SMS ya kawaida au kwa karatasi. Na badala ya picha ya ukurasa wa kitabu, andika swali kwa maneno: linapakuliwa kwa bando dogo sana na linasomeka kwenye skrini iliyopasuka.

Orodha ya wanaodaiwa ada isiwekwe kundini kwa hali yoyote, hata kwa herufi za mwanzo za majina. Mtoto ndiye anayebeba aibu hiyo kesho yake darasani, kwa deni ambalo hakulikopa.

Matokeo

Kila mzazi apate mstari wa mwanawe tu. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Januari 2023. Shule ya msingi inayopanga watoto wa darasa la tatu wa kwanza hadi wa 64 mbele ya wazazi wote haina sababu nzuri ya kushikilia jambo ambalo Baraza lenyewe limeliacha.

Shida ni namna ya kukata mstari mmoja kutoka kwenye jedwali la darasa zima, na hapa makosa ya kiufundi ni manne:

Kuficha safu au mistari ndani ya Excel si kufuta. Mzazi akipokea faili lenyewe, anafichua kila kitu kwa kubofya mara mbili.

Kuchora kisanduku cheusi juu ya majina kwenye PDF mara nyingi huacha maandishi chini yake. Mtu akinakili sehemu ile na kuibandika kwenye ujumbe, majina yanatokea.

Kuondoa majina na kuacha namba za usajili hakusaidii ikiwa mpangilio ni wa alfabeti. Darasa lina Zuhura mmoja, naye yuko mwisho siku zote. Namba yoyote iliyo mwisho ni yake.

Picha ya skrini ya mstari mmoja huwa na nusu ya mstari wa juu na nusu ya mstari wa chini.

Njia salama: nakili mstari mmoja pamoja na vichwa vya safu, ubandike kama thamani tu kwenye faili jipya tupu, lihifadhi kama PDF, kisha tafuta ndani yake jina la mtoto mwingine yeyote. Lisipoonekana, tuma. Wanafunzi 45 watakuchukua alasiri nzima, na hilo ni kweli. Karatasi za matokeo zilizokatwa kwa mkasi na kukunjwa, kila mtoto akabeba yake, zinafanya kazi ile ile bila umeme.

Akili mnemba

Mwalimu anayetumia ChatGPT au programu nyingine ya aina hiyo kuandaa maoni ya ripoti asibandike majina. Tumia M1, M2, M3, na ufunguo wa nani ni nani ubaki kwenye karatasi. Ondoa pia vitu vinavyomtambulisha mtoto bila jina, kama kijiji, ugonjwa au kazi ya mzazi. Ukipiga picha insha ya mkono ili programu isome, kunja sehemu ya juu yenye jina kabla ya kupiga. Kwenye mipangilio ya ChatGPT, sehemu ya udhibiti wa data, kuna kitufe kinachoruhusu mazungumzo yako yatumike kuboresha mfumo, kizime.

Kwa wanafunzi, masharti ya ChatGPT yenyewe yanakataza walio chini ya miaka 13 na kudai ruhusa ya mzazi kwa walio chini ya 18. UNESCO nayo, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, ilipendekeza 13 iwe umri wa chini kabisa darasani. Kuwaagiza watoto wa darasa la tano wafungue akaunti ni kuwafundisha kudanganya umri wao.

Usimhukumu mwanafunzi kwa kutegemea programu inayodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI, kampuni inayotengeneza ChatGPT, iliondoa kitambuzi chake Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo: kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya watu kikayaita ya mashine. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vitambuzi saba kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zaidi ya nusu zilidhaniwa za mashine. Wanafunzi wetu wa sekondari wako kundi hilo hilo: Kiingereza chao ni cha sentensi fupi na maneno machache, na vitambuzi hushuku uandishi wa namna hiyo.

Ukiwa na shaka, mwite mwanafunzi peke yake na umwombe afanye mambo matatu: aeleze kwa Kiswahili hoja ya aya ya pili, ataje maana ya neno moja gumu alilotumia, na aonyeshe rasimu. Kwa insha zijazo, aya ya kwanza iandikwe darasani kwa kalamu. Swali la nani aliandika huwa linajijibu hapo.

Kishikwambi chenyewe

Weka PIN ya tarakimu sita. Zima nakala ya mtandaoni ya folda ya picha za WhatsApp, la sivyo picha za wanafunzi zitaonekana kwenye simu ya mwenzi wako mnayeshiriki akaunti ya Google. Washa usimbaji (kufunga kwa neno la siri) wa nakala rudufu za WhatsApp, ambao kwa kawaida umezimwa. Ukimpa mwanafunzi kishikwambi afanye zoezi, tumia kubandika programu, kipengele cha Android kinachozuia kutoka kwenye programu iliyo wazi bila PIN.

Kishikwambi kikiharibika skrini, fundi simu atakuomba PIN ili apime kama kioo kipya kinafanya kazi. Usiitoe. Kaa hapo hapo ukifungue mwenyewe akimaliza. Kama lazima kilale kwake, hamisha faili za darasa kwanza na uondoe akaunti.

Video za aibu na jambo zito zaidi

Usirekodi mtoto akiadhibiwa, akilia, akiungama wizi au akisinzia, hata kwa ajili ya kumwonyesha mzazi. Ikiwa una jambo la kumwambia mzazi, mwite.

Ikitokea picha ya utupu ya mwanafunzi inazunguka, usiombe utumiwe ili uhakikishe, na usiitume kwa mkuu wa shule kama ushahidi. Kila nakala ni kumuumiza mtoto tena, na unaweza kushtakiwa kwa kuwa nayo. Chukua simu iliyo nayo bila kuipekua, izimie mtandao, itie kwenye bahasha mbele ya shahidi, andika saa na majina, uikabidhi kwa mkuu wa shule ili aipeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure.

Taarifa ikishavuja

Futa ujumbe kwa wote mara moja. WhatsApp inaruhusu kwa zaidi kidogo ya siku mbili tangu ulipotuma, na msimamizi anaweza kufuta hata wa mwingine. Waliokwisha kuhifadhi bado wanao, kwa hiyo usimwambie mzazi kwamba imefutika kabisa. Mpigie simu mzazi wa kila mtoto aliyeguswa kabla hajasikia kwa wengine. Mweleze kilichotoka, saa ngapi, na kwa watu wangapi. Andika yote kwenye daftari la matukio. Kenya, uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara unaripotiwa kwa Kamishna ndani ya saa 72, na saa zinaanza kuhesabiwa shule inapojua, kwa hiyo mwalimu asilale na jambo hilo akitafuta namna ya kumwambia mkuu.

Mwezi wa mwisho wa mwaka

Hamisha alama za mwisho kwenye rejesta ya shule. Futa picha kwenye simu, kisha kwenye kapu la vilivyofutwa, ambako hukaa wiki kadhaa, kisha kwenye nakala ya mtandaoni. Toa wanachama wote kundini mmoja mmoja, halafu utoke wewe. Mwalimu wa mwaka ujao afungue kundi lake jipya na fomu mpya za ridhaa. Asirithi la zamani, kwa sababu humo mna wazazi wa watoto waliohama.